Mashaallah za Siku ya Jumamosi

Wembley, 21 Aprili 2025

Dada Sheikha,

Assalaamu alaykum, na shikamoo yako unayostahiki kwa umri, ingawa leo natamani ningekunyima.

Sisi huku tu wazima. Miska ana mitihani mwezi ujao, anashinda chumbani na vitabu, nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake. Idi tulisali, tukapika biriani, tukala. Kazini bado niko palepale mapokezini kliniki. Hafidh mzima, shifti zimembana, anakusalimu sana.

Haya, salamu zimekwisha.

Usinipigie simu. Nimetoka kwenye kundi letu la simu na simu zenu sipokei, kwa sababu kwenye simu weye hulia, nami ukishalia nasahau nililotaka kusema. Nnaandika kwenye karatasi ili unisikilize mpaka mwisho.

Meneja wangu, Harjit, aliniomba cheti cha kifo cha Mama, kwa ajili ya zile siku nilizochukua likizo ya msiba. Nikamwomba Kaka Miraji, akanitumia. Alkhamisi nikakifungua mbele ya Harjit. Tarehe nane Februari. Nikamwambia Harjit karani wetu kakosea, Mama kafariki tarehe tisa, Jumapili alfajiri, kaka yangu mwenyewe ndiye aliyenipigia. Harjit akasema hapana neno. Nikenda chooni kunawa uso, na hukohuko chooni nikajua kwamba karani hakukosea.

Jumamosi tarehe nane mie nilikuwa Óbidos, kule Ureno. Nikuhesabie siku yenyewe, maana nnayo yote ndani ya simu, saa kwa saa.

Mvua ilianza tangu alfajiri na haikukatika mpaka jioni. Mji wenyewe mdogo, uko juu ya kilima, umezungushwa ukuta wa ngome pande zote, nyumba nyeupe zilizopigwa mstari wa buluu au wa manjano, vichochoro vya mawe yanayoteleza. Saa tatu asubuhi, kwenu saa sita mchana, nilikaa mkahawani dirishani nikaagiza kahawa na kikeki cha maziwa na mayai, kimeungua kidogo juu. Nikapiga picha nikawapelekea. Ikaja jawabu kutoka simu ya Mama. Nnainakili hapa kama ilivyo: "Mashaallah. Jifunike kichwa hiyo mvua. Agiza kingine, ule viwili."

Nikacheka peke yangu pale dirishani. Nikaagiza kingine, nikapiga picha sahani mbili, nikawapelekea na hiyo.

Saa tano nikapanda juu ya ukuta wa ngome. Hauna hata pa kushika, na upepo ulitaka kuninyang'anya mwavuli. Nikapiga picha ya mapaa yaliyorowa. Weye, Sheikha, ukaniandikia: "Pazuri mashaallah! Usianguke." Na moyo mwekundu. Kwenu ilikuwa saa nane. Mlikuwa mnamwosha Mama.

Saa saba na nusu niliingia kujikinga na mvua katika kanisa la zamani walilolifanya duka la vitabu, rafu mpaka madhabahuni. Nikawaandikia mzaha, kwamba kanisa la Wareno kule kwetu liligeuzwa ngome na hili la kwao wenyewe wameligeuza duka. Kaka Miraji akajibu: "Furahia safari, mdogo wangu." Saa kumi na nusu alasiri kwenu. Alijibia wapi? Njiani, na jeneza begani?

Jumapili jioni nimeingia ndani, begi sijalifungua, ndipo akanipigia: Mama katutoka leo alfajiri. Nikaja Jumanne. Nikakaa nanyi, nikalia nanyi, nyumba imejaa watu, na hakuna hata mmoja, si jirani, si mpishi wa hitima, aliyenambia siku ya haki. Mtaa mzima ulikuwa unanitazama mie mjinga.

Na huku London? Miezi miwili kina mama wa Wembley wananipa salamu za ncha ya ulimi, sijui nimewakosea nini. Juzi nikamuuliza Siham, yule jirani yangu. Akasema: "Ghalia, sisi habari tuliipata Jumamosi, tukakuona kwenye status yako unakula keki na kupanda kuta. Tukasema, huyu mtoto wa nani?"

Huyu mtoto wa Bi Jokha, ambaye ndugu zake walimwona hafai kuambiwa kwamba mama yake kafa.

Ile Jumapili naweza kuja kuisamehe. Ule moyo mwekundu pia, labda, nikizeeka. Lakini kama Mama alikufa alfajiri, basi saa sita mchana nani alishika simu yake? Nani aliandika "ule viwili" kwa jina la maiti? Simu ya Mama ilikuwa ikikaa kwako. Nnakuuliza weye, na nnataka jawabu kwa mkono wako. Mpaka nilipate, sitii mguu katika nyumba ile. Na chumba changu mpeni mtu.

Nduguyo,
Ghalia

*

Kikwajuni, 18 Mei 2025

Mdogo wangu Ghalia,

Waalaykum salaam. Barua yako ilifika na nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena.

Huku mvua za masika zimekuja kwa nguvu, ukuta wa uani umebomoka kipande, Kaka Miraji ameujenga. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi. Paka wa Mama bado hulala mlangoni kwake. Miska mpe salamu nyingi, mwambie mama mkubwa anamwombea mitihani.

Sasa nami nina yangu, maana naona umejipa hasira zote peke yako. Unadhani ilikuwa starehe? Mie ndiye niliyemgeuza Mama ubavu kwa ubavu wiki tatu. Mie niliyemfumba macho. Uko peke yako nchi ya watu, hujui lugha ya pale, mvua inakunyea, tukupigie nini? Udondoke kwenye huo ukuta usio na pa kushika? Kaka Miraji alisema tungoje ufike kwako, ukae kitako, ndipo uambiwe. Mwanajuma wa jirani alipofiwa na baba yake yuko Maskati tulifanya hivyohivyo, na weye ulikuwepo, na weye mwenyewe ukamwambia kwenye simu kuwa mzee anaendelea vyema! Umesahau?

Tarehe tuliisogeza kwa kukuhurumia, usije ukaishi na siku ile. Kama ni kosa, ni letu sote, na ule moyo mwekundu ni wangu. Niliupeleka na mikono yangu ina harufu ya kafuri. Sikujua la kuandika, Ghalia. Ningekaa kimya ungeshtuka.

Ama hilo la simu ya Mama, wallahi sikuiba jina lake. Zaidi ya hapo usiniulize. Nikifungua hilo nitalazimika kufungua na jengine, na hilo jengine si langu. Nimefungwa mdomo, na aliyenifunga siwezi kumvunjia ahadi.

Chumba chako hapewi mtu.

Dada yako,
Sheikha

*

Wembley, 9 Juni 2025

Dada Sheikha,

Idi njema kwenu, ingawa imekwisha. Miska amemaliza mitihani, analala mpaka mchana. Goti lako lipake mafuta ya mkaratusi na usipande ngazi kwa ajili ya kufua, fulia chini.

Umefungwa mdomo! Na nani? Na Kaka Miraji? Tangu lini weye ukafungwa mdomo na Kaka Miraji, weye uliyemtoa nje na ufagio siku ya harusi yako? Hebu nisikilize. Hamkunificha siku moja. Wiki tatu mama yangu anageuzwa ubavu na mie kila nikipiga naambiwa "amelala, kachoka kidogo, homa ya mafua." Kuna ndege kila siku, Sheikha! Ningekuja. Ningemshika mkono. Hiyo huruma yenu imeninyang'anya wiki tatu za mama yangu, na nyinyi mnataka niwashukuru.

Mwanajuma, ndiyo, nilimdanganya. Nimempigia Maskati nikamwomba radhi. Alilia. Miaka tisa, na bado analia kwa hilo kuliko kifo chenyewe.

Na jengine. Barua nzima hukumtaja Hafidh. Mie nimekuletea salamu zake, weye umemsalimu Miska, umemtaja mpaka paka. Mume wangu miaka ishirini hukumtolea hata salamu. Kakukosea nini?

Nijibu la simu au usiniandikie.

Ghalia

*

Wembley, 3 Agosti 2025

Dada Sheikha,

Shikamoo, dada. Hukuniandikia. Nilikwambia usiniandikie na weye kwa mara ya kwanza maishani mwako umenitii.

Joto limekuwa kali, nyumba za huku hazikujengwa kwa joto, tunalala madirisha wazi. Matokeo ya Miska yatatoka katikati ya mwezi. Siham anakusalimu. Nimemwonesha barua yako ile ya Mei, akaniletea sahani ya visheti. Kwa hivyo Wembley nimesafika, kidogo.

Nnaandika kwa sababu ya Miska. Wiki iliyopita nilikuwa nnafua nikimlalamikia juu yenu, waongo nyote, mnaona mtu mzima hawezi kubeba la kwake. Akanitazama, akanambia kwa hicho Kiingereza chake kwamba mie na mjomba wake Miraji ni walewale. Nikamuuliza vipi. Akasema: "Baba yuko wapi?"

Basi nikwambie. Hafidh hayupo. Alinipa talaka mwezi wa Novemba, jikoni, chai iko mezani. Sitakuandikia aliyoyasema. Alichukua begi na viatu vyake vya kazi, na yuko Leicester kwa mtu mwengine. Eda yangu imekwisha mwanzo wa Februari na nyinyi hamjui. Nilikaa eda peke yangu katika nyumba hii, kila Ijumaa nikipiga simu nikimwambia Mama "Hafidh yuko kazini." Hata kwenye msiba nilisema yuko kazini, mkanipa halua nimpelekee. Tumeila mie na Miska.

Ile safari ya Ureno ilikuwa yetu wawili, ya kutimiza miaka ishirini. Tiketi alizikata yeye kabla ya hayo kutokea. Nikasema sizirudishi, nnakwenda! Kwa hasira tu, Sheikha. Nikajikuta nazunguka mji wa watu kwenye mvua na mwavuli mkubwa wa watu wawili. Mkahawani yule mhudumu aliniuliza kwa vidole, mmoja au wawili? Nikaonesha kimoja, na nikataka kulia mbele yake. Kisha nikamsikia anamwambia mwenzake jambo, na ndani yake nikasikia "meza". Meza wanaita meza! Nikasema jioni nitampigia Mama nimwambie hili, atacheka. Halafu ukaja ule ujumbe wa kula viwili. Unaelewa sasa kwa nini umeniuma huo kuliko yote? Ule ujumbe ndio ulioniinua siku ile. Niliagiza kingine kwa sababu Mama kasema. Nikapanda ukuta kwa sababu Mama kasema nijifunike, maana yake niendelee kutembea. Kama ni weye uliyeandika, Mama hakunambia kitu.

Nilimficha mama yangu, akafa hajui mwanawe yuko vipi. Hilo nitalibeba. Lakini la kwangu nimelisema sasa, nalo limenitoka puani. Nangoja lako.

Ghalia

*

Kikwajuni, 24 Agosti 2025

Mdogo wangu, kipenzi changu,

Mpongeze Miska, matokeo yake tumeyasikia kwa Siham kabla yako, maana dunia haina siri ila ndani ya familia yetu. Goti limepoa. Paka amezaa uvunguni mwa kitanda cha Mama, watatu.

Umesema. Alhamdulillahi umesema mwenyewe. Sasa mdomo wangu umefunguliwa, maana aliyeufunga ni Mama.

Mama hakufa alfajiri. Alfajiri tuliisema kwa sababu Kaka Miraji aliona ndiyo saa ya heri kumwambia mtu. Mama kafa Jumamosi, adhana ya adhuhuri ndiyo kwanza imekwisha.

Saa sita mchana alikuwa macho, nimemwegemeza kwenye mito miwili. Siku mbili hakutia kitu kinywani. Simu yake ikalia, nikamwambia picha ya Ghalia, unataka kuiona? Akasema nipe miwani. Aliishika karibu na pua. Nikamwambia tazama keki ya Wareno, tazama mvua dirishani. Yeye hakutazama keki. Alitazama muda, kisha akasema: "Kikombe kimoja."

Nikasema labda Hafidh kenda kunawa. Akasema: "Sheikha, mie nimelea watoto watatu na nimeachwa mara moja kabla ya baba yenu. Mwavuli mkubwa uko juu ya kile kiti cha pili, umewekwa hapo kusudi, kisionekane kitupu. Hana mtu."

Mnh. Nikataka kukupigia palepale. Akanishika mkono, zile nguvu sijui alizitoa wapi. Akasema usimwambie kuwa naumwa, ana lake huyo, akiongezewa na langu ataanguka. Na la mumewe asiulizwe na yeyote katika nyumba hii mpaka aseme mwenyewe. Niapie. Nikamwapia. Ndiyo maana sikumtaja Hafidh, Ghalia. Sikuweza kumtolea salamu mtu niliyejua hayupo, na kumuulizia nilikatazwa.

Kisha akasema mwandikie. Mie nilichapa tu, maneno yake. Mashaallah. Jifunike kichwa hiyo mvua. Akapumua. Nikadhani amemaliza, nikataka kuipeleka. Akasema bado. "Agiza kingine, ule viwili."

Hakuna aliyeiba jina lake. Ile ndiyo barua yake kwako, na weye umenitukana kwayo miezi minne nami nimekaa kimya, na usidhani haikuniuma. Iliniuma! Nilitaka kukujibu kwa matusi. Nilikwenda mpaka Posta na karatasi tupu, nikarudi.

Ikaja ile picha ya pili, sahani mbili. Nikamwonesha. Akavua miwani mwenyewe, akanipa. Akasema: "Amekula, alhamdulillahi." Akaomba maji akasukutua. Yaliyobaki yalikuwa shahada.

Hilo la wiki tatu uko sawa. Mwanzo Mama alisema "Ghalia asisumbuliwe," na sisi tukalichukua kwa sababu lilikuwa rahisi kwetu. Tungekwambia. Ningeweza kukwambia na sikukwambia. Sina la kujitetea, na Kaka Miraji nimemsomea barua yako yote, hata lile la ufagio. Amekaa uani mpaka magharibi.

Sheikha

*

Wembley, 14 Septemba 2025

Dada Sheikha,

Shikamoo, dada yangu, na hii nakupa kwa moyo wote.

Barua yako nimeisoma kazini, kosa kubwa. Harjit alinishikia mapokezi saa nzima. Miska anaanza chuo wiki ijayo, anataka paka mmoja katika wale watatu, nimemwambia haitawezekana.

Msidhani yamekwisha. Mie bado nina hasira nanyi, na nikifika nitazisema mbele ya Kaka Miraji, naye atakaa anisikilize mpaka nimalize. Wiki zangu tatu hakuna wa kunirudishia. Na kuanzia leo akiumwa mtu katika nyumba ile, awe paka, nnataka kuambiwa siku ileile, niko kwangu au niko juu ya ukuta kwenye mvua. Nami nitasema yangu. La kwanza: mwezi uliopita nilipimwa presha, iko juu, nimepewa dawa nnakunywa. Umeona? Sijafa kwa kukwambia, na weye hukufa kwa kusikia.

Nakuja Disemba tarehe ishirini, na Miska. Uniombee radhi kwa Mama kila ukipita kaburini, kwa lile nililosema juu ya simu yake. Simu yenyewe msiifute, iwekeni kwenye chaji.

Siku nikifika usinikalishe kwanza kuniuliza habari, wala usilie mlangoni. Nipakulie, unitazame nile, kisha uende chumbani kwa Mama ukamwambie kwamba amekula.

Mdogo wako,
Ghalia